Gunia la Januari huwekwa Mei

Januari ukipita vijiji vya Kongwa, Chamwino au Bahi mkoani Dodoma utakuta mashamba ya kijani kila upande na sufuria tupu ndani ya nyumba. Mtama umefika magotini, palizi ya kwanza imekwisha, na mama mwenye shamba hilo zuri anatoka alfajiri na mfuko kwapani kwenda kukopa debe la mahindi. Mei atarudisha madebe mawili. Mtama wake haujatoa hata suke moja, na sehemu yake tayari ina mwenyewe.

Nimefanya ugani katika ukanda huu wa kati muda wa kutosha kuliona jambo hilo likijirudia, na limenifundisha kuuhesabu mwaka wa kaya tofauti na kalenda ya ukutani. Mwaka wa kaya unaanza Mei, mavuno yanapoingia nyumbani. Januari ni mwezi wake wa tisa, na kinacholiwa mwezi wa tisa kiliamuliwa mwezi wa kwanza, watu wakiwa wameshiba na harusi zinafuatana. Maji, malisho, moto, mafuriko na kuharisha kwa watoto vinakwenda hivyohivyo. Kila kimoja kina mwezi wake wa kuandaliwa, na karibu siku zote ni mwezi ambao hatari yenyewe haionekani.

Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na hunyesha katika msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu. Hata ndani ya msimu mvua hukatika, mara nyingi Februari, wiki mbili au tatu, wakati uleule mahindi yanapotaka kubeba. Waingereza walipokuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua haikufuata hesabu zao, na Januari 1951 mpango ukafutwa. Wagogo waliokuwa wakiwatazama walikuwa na mtama, uwele, mifugo na vihenge.

Lakini hata wao hawakuwa wameokoka kila mara. Kuna Mtunya, njaa ya mwaka 1917 hadi 1920. Mvua ilikosekana, ila ukame walikuwa wanaujua na walikuwa na njia zao za kuuvuka. Safari ile majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalikuwa yameshapita yakichukua nafaka na ng'ombe, na kuwachukua wanaume kuwa wapagazi. Ukame ulizikuta kaya hazina akiba, na watu wengi walikufa. Kila ninapoona familia imemaliza ghala lote Juni huikumbuka habari hiyo, maana siku hizi akiba tunaitoa wenyewe, kwa mikono yetu, na mzani wa mnunuzi ukiwa mlangoni.

Hesabu ya Mei

Kabla gunia la kwanza halijapandishwa kwenye gari, kaeni chini mhesabu. Kaya ya watu sita, wakubwa kwa watoto, hula karibu kilo mbili na nusu za nafaka kwa siku. Gunia la kilo 100 linakaa siku 40. Mwaka unataka magunia tisa. Ongeza la kumi kwa ajili ya misiba, wageni na watu wa kusaidia palizi, kisha weka mbegu kando kabisa. Hesabu hii ifanyike mama wa nyumba akiwepo, kwa sababu yeye ndiye anayekijua kipimo cha sufuria yake. Baba akikadiria peke yake, mara nyingi hupunja.

Kisha chukueni kipande cha mkaa au rangi mwandike juu ya kila gunia tarehe ya kulifungua. Ukifungua la kwanza tarehe 20 Mei, la pili ni Juni 29, la tatu Agosti 8, la nne Septemba 17, la tano Oktoba 27, la sita Desemba 6, la saba Januari 15, la nane Februari 24 na la tisa Aprili 5, nalo litawafikisha katikati ya Mei nyingine. Inaonekana ni kazi ya kitoto. Lakini gunia lililoandikwa "Januari 15" ni gumu kuliuza Agosti, kwa kuwa kila anayeingia ghalani analisoma. Katika kijiji kimoja nilimsikia mtoto wa darasa la nne akimwuliza baba yake, mbele yetu wageni, gunia la Januari limekwenda wapi. Baba hakuwa na jibu, na mwaka uliofuata gunia hilo halikuguswa.

Ukihesabu ukakuta una magunia sita tu, usikate tamaa, umewahi. Upungufu unaojulikana Mei una dawa. Wakati huo mahindi yamejaa soko la Kibaigwa na bei iko chini, na mbuzi wako bado ana mafuta ya majani ya masika. Uza mbuzi wawili Juni ununue nafaka ya kuziba pengo. Ukingoja Desemba, mbuzi amekonda, mahindi yamepanda, na mbuzi watatu hawafanyi tena kazi ambayo wawili wangeifanya. Kwa upande wa fedha ya haraka, uza alizeti, uza ufuta, uza zabibu kama unazo. Mtama na uwele ni chakula, viwe vya mwisho kutoka nyumbani.

Nafaka iliyohesabiwa lazima ifike Januari ikiwa nzima na salama, na hapa ndipo ninapoomba msomaji asiwe na haraka. Mwaka 2016, kati ya Juni na Novemba, watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula nafaka yenye sumukuvu, na 20 kati yao wakafa. Waliugua kwa chakula cha kaya zao wenyewe. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, watu wakatapika, na wengi wa waliougua walikuwa watoto. Sumu hiyo hutengenezwa na ukungu unaoingia kwenye mahindi na karanga tangu shambani, hasa jua likiuchoma mmea au wadudu wakiutoboa, kisha unaendelea ghalani kama punje hazikukauka. Kuosha hakuiondoi. Kupika ugali hakuimalizi. Kuwapa mifugo punje mbovu nako si dawa, maana ng'ombe anayekula sumukuvu huitoa kwenye maziwa.

Basi usianike mahindi wala karanga juu ya udongo. Tumia turubai, mkeka au kichanja, na jua likizama funika au ingiza ndani, kwa kuwa umande wa usiku mmoja unarudisha nyuma kazi ya mchana kutwa. Chambua kwa mkono: punje iliyovunjika, iliyosinyaa, yenye rangi ya kijani, njano isiyo yake au nyeusi, itupwe mbali, isiende kwa kuku wala kwenye pombe. Mtama na uwele hushambuliwa kidogo kuliko mahindi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwa na vyote viwili nyumbani.

Namna ya kujua kama mahindi yamekauka: chukua chupa ya kioo kavu kabisa yenye kifuniko, tia kijiko cha chumvi kavu, jaza mahindi hadi theluthi, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Mimi huongeza siku mbili za jua hata hapo, kwa sababu kwa kuhifadhi muda mrefu tunataka asilimia 13 na nusu au chini yake.

Halafu kuna dumuzi, mdudu aliyeingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na sasa yuko kila mahali. Dumuzi hugeuza gunia zima kuwa vumbi kabla ya Krismasi. Dawa ninayoiamini zaidi ni mifuko ya kinga njaa, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia la kawaida. Ipulize kwanza uone kama ina tundu. Jaza nafaka kavu isiyo na vipande vya magunzi, shindilia hewa itoke, funga mfuko wa ndani, kisha wa pili, kisha gunia. Wadudu waliomo hutumia hewa iliyobaki, ikaisha, wakafa. Usiufungue kuchungulia; kila ukifungua unawapelekea pumzi. Upange juu ya chaga, mbali na ukuta, na uzuie panya, maana tundu moja la panya linaharibu kila kitu. Mfuko usiotoboka hutumika msimu zaidi ya mmoja, kwa hiyo bei yake isikutishe.

Kama unatumia dawa ya unga ya kuua wadudu wa ghalani, fuata kipimo cha kwenye pakiti na muda wa kusubiri kabla ya kula. Vidonge vya kufukiza nafaka ni jambo jingine kabisa. Vinatoa gesi inayoua watu, na haionekani. Ghala la kaya nyingi ni chumba wanacholala watoto, na humo kidonge hicho hakipaswi kuingia hata kimoja. Nasema hivi kwa uchungu. Hakuna gunia linalolingana na mtoto.

Kipupwe

Juni hadi Agosti kazi za shamba hupungua, na watu hudhani zimekwisha. Ni miezi mizuri kuliko yote ya kujiandaa, maana nguvu ipo, chakula kipo, na njia zinapitika.

Anza na kuku. Kuku watano wanaotaga ni nauli ya hospitali usiku wa manane, na kideri kikipita mara moja banda zima linabaki manyoya. Kideri hupenda miezi ya ukame, kwa hiyo chanjo itangulie. Ile ya matone aina ya I-2 huvumilia joto kuliko za zamani na hutolewa tone moja kwenye jicho moja, kwa vifaranga na wakubwa, kila baada ya miezi mitatu. Chanja kuku wenye afya tu. Aliyekwishaugua hatasaidiwa na tone, na utakapomshika utawapelekea wengine ugonjwa kwa mikono yako. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi, basi kubalianeni siku moja kitongoji kizima, mchange na kumaliza. Mbuzi nao wachanjwe sotoka na homa ya mapafu kwa ratiba ya daktari wa mifugo wa kata, kabla hawajaanza kukonda.

Mabua ya mtama na mahindi yasichomwe. Kata nusu, funga matita, panda nayo juu ya chaga au juu ya mti ambako mbuzi hawafiki; hayo ni malisho ya Oktoba. Nusu nyingine iache shambani ifunike udongo. Ubuyu umekomaa miezi hii pia. Uokote wa kutosha, utoe kwenye maganda, uweke kwenye chombo kikavu kinachofunga. Uji wa uwele wenye unga wa ubuyu ni chakula kizuri sana cha mtoto wakati mboga za majani zimetoweka.

Kabla Juni haijaisha, fyeka mkanda mpana kuzunguka nyumba, ghala na rundo la malisho, uache udongo mtupu. Upepo wa Agosti hadi Oktoba huku kwetu hauzuiliki. Moto uliowashwa na mwinda panya au mrina asali upande wa pili wa kilima unaweza kufika kwako kabla hujapata ndoo. Namba ya Zimamoto ni 114, lakini vijijini gari lao liko mbali, na mkanda uliofyekwa upo papo hapo.

Julai usiku ni baridi kali. Naomba sana jiko la mkaa lisiingizwe chumbani mlango ukiwa umefungwa. Hewa yake yenye sumu haina harufu wala moshi wa kukustua, na watu hulala wasiamke. Ongeza blanketi.

Kabla mvua haijafika

Kuanzia Agosti hadi Novemba kuna kazi mbili ambazo nikiruhusiwa kuchagua ningezipa nafasi kuliko nyingine zote: mashimo shambani na mifereji ya paa.

Mashimo ya Chololo yamepewa jina la kijiji kilicho hapahapa Dodoma, na yalibuniwa na mkulima. Unachimba shimo la upana wa karibu sentimita 22 na kina cha sentimita 30, shimo hadi shimo sentimita 60, mstari hadi mstari sentimita 90, mistari ikikata mteremko. Udongo uliotoka unaupanga upande wa chini kama kikinga. Ndani unatia majivu kidogo ya kufukuza mchwa, samadi na mabaki ya mimea, kisha unarudisha udongo lakini usijaze, acha kibakuli ambamo maji yatasimama. Mvua ya kwanza ikipiga ardhi ngumu, maji ambayo yangekimbilia korongoni yanaingia shimoni, na Februari mvua inapokatika mmea wako una unyevu wa kunywa wakati wa jirani unanyauka.

Kazi ni kubwa, siwezi kuificha. Ekari moja inabeba karibu mashimo 7,500. Usianze na ekari. Robo ekari ni mashimo kama 1,870, na ukichimba 30 kila asubuhi kabla jua halijawa kali utamaliza kwa miezi miwili. Robo hiyo ndiyo shamba lako la dharura. Panda humo mtama au uwele, na hata mwaka ukiwa mbaya kiasi gani ndiyo sehemu ya mwisho kukuangusha. Ukimaliza kuvuna, mashimo yapo, mwaka wa pili unaongeza samadi tu.

Kuhusu maji, hesabu ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 5 ni mita 40 za mraba, na kwa mvua ya milimita 550 linapokea lita 22,000. Toa sehemu ya tano inayopotea, unabaki na zaidi ya lita 17,000. Familia ya watu sita ikitumia lita 30 kwa siku kwa kunywa na kupika tu, tangi la lita 5,000 lililojaa mwishoni mwa Aprili linafika Oktoba. Fikiria ni asubuhi ngapi za binti kutokwenda korongoni na dumu kichwani. Wengi hununua tangi kwanza halafu fedha ya mfereji inakosekana, na tangi linakaa tupu. Nunua mfereji wa bati kwanza, hata kama maji yatakingwa kwenye mapipa na madumu, tangi lije baadaye.

Oktoba safisha mifereji. Mvua ya kwanza iache ipite, kwa sababu inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Ziba mdomo wa tangi kwa wavu mwembamba mbu wasiingie. Maji ya kunywa bado yatibiwe: yachemshe, au tumia dawa ya maji, au kama kuni zimepungua jaza chupa za plastiki zisizo na rangi kwa maji maangavu uzilaze juu ya bati juani kwa saa sita. Siku za mawingu, ziache siku mbili. Wanaochimba maji mchangani kwenye korongo, kisima cha watu kiwe juu ya mkondo na cha mifugo kiwe chini, na kizungushiwe miiba.

Mwenye tembe, nyumba ya paa la udongo, apande juu Oktoba aangalie nguzo zilizoliwa na mchwa na sehemu zilizobonyea. Udongo wa paa ukilowa uzito wake huongezeka mno, na tembe nyingi huanguka usiku wa mvua ya pili au ya tatu, watu wakiwa ndani. Kuni za mwezi mzima ziwe zimeshaingia ndani.

Mwishoni mwa Oktoba Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili kwa mikoa inayopata mvua mara moja. Usikilize kama mkulima. Wakisema mvua itakuwa chini ya wastani, ongeza uwele na mtama wa muda mfupi, punguza mahindi. Wakisema juu ya wastani, chimba mtaro wa kutoa maji uani na usogeze ghala kutoka bondeni. Mbegu nzuri kwa ukanda huu zipo tangu zamani: mtama wa Macia, uwele wa Okoa na Shibe, na kwa mashamba yenye kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, kuna mtama wa Hakika na Wahi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Hombolo kiko jirani yetu, kiulizeni. Mbegu uliyohifadhi mwenyewe ijaribu kwanza: funga punje 50 kwenye kitambaa kibichi, kitunze na unyevu siku tano hadi saba. Zikiota 40 au zaidi, panda kwa raha. Zikiota 25, bora utafute nyingine ungali na muda.

Mvua ikiwa juu ya kichwa

Mwaka wa ukame na mwaka wa mafuriko vinaweza kufuatana kwetu bila nafasi. Desemba 2009 na Januari 2010 maji yalizoa nyumba Mpwapwa na Kilosa na kuibomoa reli ya kati upande wa Gulwe. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe ya Mlima Hanang yalishuka Katesh, wakafa zaidi ya watu 80. Kwa hiyo mwanzoni mwa Desemba weka mahali pamoja, juu, panapofikika gizani: vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, kadi ya bima na hati za ardhi vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, taa ya jua, simu iliyochajiwa, fedha kidogo, chumvi na sukari, na dumu la maji safi. Watoto wajue ni mwinuko gani mtakutana kama nyumba ikiingia maji na mkatengana.

Korongo kavu la asubuhi linaweza kuwa mto saa tisa alasiri hata kama kwenu hakukudondoka tone, kwa kuwa mvua ilinyesha milimani. Maji ya kasi yanayofika magotini tu yanatosha kumwangusha mtu mzima. Subiri upande ulioko, hata ulale kwa watu. Wafundishe hivyo hasa wanafunzi, maana wao huogopa kuchelewa shule kuliko wanavyoogopa maji.

Kuharisha huja na mvua. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi vilivyochanganywa vizuri humwokoa mtoto kabla ya kufika zahanati. Mpe kidogo kidogo, mfululizo, endelea kumnyonyesha, na uende zahanati akapate vidonge vya zinki. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wembe, asifungwe kamba, asinyonywe jeraha. Mtulize, zuia kiungo kisitikisike, mbebe kwenda hospitali, apande chochote kinachokwenda. Mama mjamzito akipata dharura, namba ya usafiri wa m-mama ni 115, bure. Iandikwe ukutani.

Shambani, kagua mahindi mara mbili kwa wiki tangu yanapochipua, kwa ajili ya viwavijeshi vamizi. Mapema unaweza kuwaponda mayai kwa kidole; wakishaingia ndani ya kitovu cha mmea dawa haiwafikii vizuri. Mwenye mtama ajiandae kuamia ndege Machi na Aprili. Kwelea kwelea wakitua kwa makundi makubwa, kelele za watoto hazitoshi, toa taarifa kwa afisa kilimo wa kata siku hiyohiyo.

Na hii ndiyo miezi ya kukausha mboga, kwa sababu ndipo zilipo. Majani ya kunde na maboga yatumbukize kwenye maji yanayochemka dakika mbili, yachuje, yaanike kivulini penye upepo ili yasipoteze rangi na ubora. Mlenda unaanikwa bila kuchemshwa, kisha unatwangwa. Debe moja la mlenda mkavu na debe moja la kunde zilizokaushwa zinaisogeza familia mbali sana katika kiangazi. Bibi zetu walikuwa na vibuyu vimejaa vitu hivi darini, na sisi tunanunua nyanya zilizooza kwa bei ya nyama mwezi wa kumi.

Aprili inapoisha, ingia ghalani na uone kilichobaki. Kama bado lipo gunia, lishukuriwe, lakini lisichanganywe na nafaka mpya, kwa kuwa dumuzi watahamia. Lile la zamani liliwe kwanza au lisagwe. Toa kila kitu nje, fagia hadi kwenye nyufa, choma takataka, ziba matundu ya panya kwa udongo na majivu, anika mifuko juani na uikague kwa kuipulizia pumzi. Ghala likae wazi siku tatu likauke. Kisha tafuta kile kipande cha mkaa.